Kuona kwa Karibu

Yako mambo ambayo mtu huyajua tangu utotoni na hata hivyo hajapata kuyaona. Mimi nilizaliwa Mombasa, nikalelewa kwa ngano za sungura, fisi, simba na kobe. Nikazisoma tena chuoni, na baadaye nikawa mmoja wa wale wanaolipwa mshahara kuzifundisha. Lakini nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na mmoja kabla sijasimama mbele ya kobe mkubwa na kumtazama usoni. Uso wa kobe si uso wa mjanja. Ni uso wa mtu wa makamo aliyeamshwa usingizini na mgeni asiyebisha hodi. Jambo hilo lilinifedhehesha kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa nyingi juu ya werevu wake.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa 2009, katika bustani ya wanyama iitwayo Haller Park, huko Bamburi, kaskazini ya mji wetu. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa. Mama yake alifariki dunia mwaka wa 2002. Baba yake, yaani shemeji yangu, alisafiri kwenda Muscat mwaka uliofuata kutafuta riziki, na mtoto akabaki nyumbani kwetu Kisauni, mikononi mwangu na mwa mama yangu mzazi. Siku ile tulipokwenda Bamburi nilikuwa na barua ya shemeji mfukoni. Ilikuwa imenifikia kwa mkono wa msafiri siku kumi na moja nyuma, nami nilikuwa sijaijibu, wala sijamweleza mtu yeyote habari zake. Nitaifungua mbele ya msomaji itakapofika zamu yake.

Safari yenyewe haikuwa shauri langu. Mwalimu wa mtoto alikuwa amewaonyesha darasani kitabu cha picha za kiboko na kobe, kilichotungwa na Craig Hatkoff na binti yake Isabella pamoja na Dakta Paula Kahumbu, kikatolewa mwaka wa 2006. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na amani. Kila chakula cha jioni kilikuwa na kiboko ndani yake.

Wasioijua habari hiyo ni haba, walakini nitaisimulia kwa ufupi, maana yote yanayofuata yameegemea juu yake. Mwisho wa mwaka wa 2004 viboko waliteremka mto Sabaki mpaka karibu na mlango wake, kaskazini ya Malindi. Tarehe 26 Desemba mawimbi ya tsunami, yaliyoanzia mbali sana katika pwani ya Sumatra, yakafika pwani yetu. Na yalipotulia, ndama mmoja wa kiboko alionekana peke yake juu ya mwamba baharini. Siku ya pili wanakijiji, wavuvi na watumishi wa idara ya wanyama walishindana naye kwa nyavu na kamba. Mtu mmoja aliyeitwa Owen alimrukia akamshika, na kwa ajili hiyo ndama akapewa jina lake. Alichukuliwa kwa gari mpaka Bamburi, uzito wake kama kilo 300. Alipofunguliwa alikimbia moja kwa moja mpaka kwa kobe mkongwe wa asili ya visiwa vya Aldabra, aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake kama ndama ajifichavyo nyuma ya mama yake. Kobe alifoka, akasogea. Kiboko akamfuata. Kobe akasogea tena. Siku zilipopita watu wakawakuta wamelala pamoja, kichwa cha mmoja ubavuni mwa mwenzake, na picha zao zikazunguka dunia nzima.

Hii ndiyo hadithi aliyokuwa nayo mtoto kichwani tulipoteremka katika matatu kwenye barabara ya Malindi. Nami nakiri kwamba nilikuwa nayo pia, na nilikuwa na sababu yangu ya kuipenda kuliko yeye.

Mahali penyewe pana kisa chake. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka wa 1954, na mawe yake yalichimbwa papo hapo katika mwamba wa matumbawe ya kale. Palipochimbwa pakabaki shimo kubwa jeupe, lenye joto la kuchoma, na maji ya chumvi karibu chini yake. Pasipo udongo, pasipo kivuli, pasipo hata unyasi mmoja. Mwaka wa 1971 Rene Haller, bwana shamba mzaliwa wa Uswisi, alianza kupanda miti katika jangwa hilo. Alijaribu aina 26. Zilizosimama zilikuwa tatu tu, nao mnazi ni mmoja wao. Lakini uliokubali kuliko yote ni mvinje, mti ambao sisi watu wa pwani twaujua kwa boriti. Mizizi ya mvinje hukaa na vijidudu vinavyoshika nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti, na kwa hiyo huweza kuishi mahali ambapo miti mingine hufa njaa. Hata hivyo palikuwa na mkwamo. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka yakalala juu ya mwamba bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo.

Dawa ya mkwamo huo ilikuwa jongoo. Ilionekana kwamba jongoo aweza kuyala majani yale makavu ambayo wadudu wengine waliyakataa, na kinyesi chake kikawa ndio mwanzo wa udongo. Wahenga wetu walisema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huko Bamburi jongoo hakutupwa, bali aliokotwa vijijini na kuletwa mtini kwa mamia. Juu ya kazi ya jongoo pakaota nyasi na miti mingine, pakachimbwa mabwawa ya perege, wakaja ndege kwa hiari yao, na pofu na choroa kwa kuletwa, na wanyama yatima waliookotwa huku na huku. Mnyama wa kwanza tuliyemwona kwa karibu siku ile, basi, hakuwa twiga wala mamba. Alikuwa jongoo mmoja mwekundu wa miguu, akivuka njia bila haraka. Mpwa wangu alichutama juu yake mpaka wazungu wawili waliokuwa nyuma yetu wakatupita, wakichungulia ili waone tunatazama kitu gani, wakaona ni jongoo, wakaenda zao.

Nilipenda kukaa hapo zaidi. Siku hizi hupenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba msitu ule umesimama juu ya tumbo la jongoo, nao hucheka, maana hakuna ngano waliyofundishwa ambayo jongoo ndiye mfalme.

Saa tisa alasiri ilikuwa saa ya twiga. Pana kilinge kilichoinuliwa, na mgeni akipanda juu yake uso wake huwa sawasawa na uso wa twiga. Hupewa chembe za chakula kikavu katika kiganja, na twiga huja, kwa mwendo ule wake wa kuogelea hewani, akainamisha kichwa. Ulimi wake ni mweusi wenye kuingia zambarau, na urefu wake unakaribia dhiraa. Hukikomba kiganja mara moja na kuacha utelezi juu yake. Kope zake ni ndefu kama za bibi arusi. Shingo ile yote ina mifupa saba, kama yangu na yako. Watoto walipiga kelele, wakubwa wakapiga picha, na bibi mmoja akalia machozi kwa furaha. Mimi pia moyo wangu ulifurahi, sikatai. Lakini mpwa wangu alipomaliza chembe zake, twiga alimwacha hapo hapo akamgeukia kijana aliyekuwa upande wa pili. Mtoto alifuta kiganja chake katika suruali akaniambia, “Mjomba, huyu haoni mtu. Huyu anaona kiganja.”

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nikiwaza kwamba pale juu ya kilinge twiga alikuwa karibu nami kuliko alivyopata kuwa mnyama wa mwituni yeyote, na kwamba nilijua juu yake machache sana kuliko aliyoyajua mtu mmoja anayemtazama kwa mbali, mwituni, kwa saa nzima, bila kumpa kitu. Ukaribu ulinunuliwa kwa chembe, na chembe zilipokwisha ukaribu nao ukaisha.

Mamba tuliwapita upesi. Mamba hana habari nyingi mchana.

Kobe tulimkuta chini ya mivinje, kando ya njia, akila majani. Huyu ndiye niliyemtaja mwanzoni. Kobe dume wa Aldabra aweza kuzidi kilo 200, na gamba lake ukiliwekea mkono huona kwamba lina vuguvugu la jua ndani yake. Mtoto alipiga magoti mbele yake, akamtazama, akamtazama tena nyuma, kisha akazunguka upande wa pili kama mtu atafutaye kitu kilichoanguka. Nilijua anatafuta nini. Mtunza wanyama mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kazi, alikuwa akipita na toroli la majani, na mtoto akamwendea.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Huyu ndiye Mzee?”

“Siye. Huyu ni mwenzake.”

“Na Owen yuko wapi? Kwa nini hawako pamoja?”

Yule mtu aliweka toroli chini. Nimekutana na wasomi wengi ambao huulizwa swali na mtoto wakajibu kwa kumpapasa kichwa. Huyu hakufanya hivyo. Alichutama, akamweleza kama amwelezavyo mtu aliyetumwa na baraza. Alisema kwamba Owen alitengwa na Mzee, na sasa yuko na kiboko mwenzake wa kike aitwaye Cleo. Kiboko, alisema, hukua kila mwezi, na kobe yule alikwisha kukua zamani za mababu zetu. Kiboko hucheza kwa kusukuma. Msukumo wa mtoto kobe aliuhimili. Msukumo wa kiboko mzima, mwenye uzito wa kilo elfu na zaidi, ungempindua chali au kumvunja gamba, na kiboko asingejua amefanya nini. Tena, alisema, mtoto yule alikuwa akijifunza ukobe. Usiku, wakati ambapo viboko hutoka majini kwenda kula nyasi, yeye alikuwa amelala pamoja na kobe. Mchana, wakati viboko wamezama majini, yeye alikuwa juani akimwandama kobe, akimng’ata mguu kwa upole ili ageuke huku au kule. “Kiboko asiyejua ukiboko,” alisema, “atakuja kuwa na shida siku atakapokutana na kiboko.”

Mtoto alifikiri. “Kobe aliulizwa?”

Yule mtu alicheka, lakini si kwa dharau. “Hakuulizwa, mwanangu. Na alipoletewa pia hakuulizwa.”

Akainua toroli lake akaenda.

Sasa ndipo mahali pa barua. Shemeji yangu aliandika kwamba amepata kibali cha kuishi na jamaa yake, na nyumba ya vyumba viwili, na nafasi ya shule kwa mtoto kuanzia mwaka mpya. Alinishukuru kwa maneno mengi ambayo sikuyastahili yote. Mwishoni alisema kwamba mimi ndiye niliyekuwa baba kwa miaka ile, na kwa hiyo hawezi kuniamuru, ananiomba ruhusa. Siku kumi na moja nilikuwa nikihesabu sababu za kukataa, na sababu zilikuwa nzuri. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa shinikizo la damu, na mtoto ndiye aliyemkumbusha dawa. Shule yake ya Kisauni ilikuwa njema. Lugha ya huko ingemchelewesha. Joto la Muscat ni kali. Sababu hizo zote zilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa ndiyo.

Tena palikuwa na jambo baya zaidi, nami naliandika hapa kwa sababu insha ya mtu juu ya nafsi yake ikiliruka jambo kama hilo ni heri isiandikwe. Shemeji alikuwa na desturi ya kupiga simu kila Ijumaa usiku. Katika mwaka ule, mara nyingi kuliko nipendavyo kukumbuka, nilimwambia kwamba mtoto amekwisha kulala. Mara nyingine alikuwa amelala. Nyingine alikuwa chumba cha pili akifanya hesabu.

Najua watu wa elimu huogopa kusema kwamba mnyama anapenda. Husema: ndama aliyefiwa na wake aliona kitu kikubwa, cha mviringo, cha rangi ya kijivu, akakikimbilia. Wenye picha husema: huu ni upendo unaopita mipaka ya maumbile. Mimi nilikuwa nimeegemea upande wa wenye picha, na si kwa ajili ya kiboko. Nilikuwa nimemfanya kobe kuwa mimi. Nilimpa hiari, nikampa huruma, nikampa haki juu ya mtoto kwa sababu ya siku alizolala ubavuni mwake. Katika ngano zetu twampa kobe akili ili atusaidie kumcheka fisi. Katika kitabu kile nilimpa moyo ili anisaidie kutojibu barua. Na kobe mwenyewe, aliyekuwa mbele yangu hatua moja, alikuwa akitafuna majani. Hakuwa na maoni. Wale waliomtenga kiboko ndio hasa waliokuwa wamewatazama wanyama wale wawili: uzito wao, saa zao za kulala, mguu unaong’atwa. Hawakuwa na hadithi ya kulinda. Hata hivyo sidhani kama kazi ile ilikuwa nyepesi kwao, maana dunia nzima ilikuwa inaipenda picha.

Saa kumi jioni tulikwenda kutazama viboko. Tulisimama nyuma ya ukuta pamoja na watu wengine, na mbele yetu palikuwa na maji mazito ya kijani yaliyofunikwa na magugu. Kwanza hatukuona kitu. Halafu yakatokea masikio, madogo mno kwa mnyama wa ukubwa ule, yakitikisika kuondoa maji, halafu pua, na kando yake masikio mengine. Mtu mmoja akasema huyo ndiye Owen, mwingine akasema siye. Kiboko alipiga mwayo. Kinywa cha kiboko kikifunguka karibu nawe, mazungumzo ya urafiki huisha. Nilimshika mtoto bega bila kufikiri, ijapokuwa ukuta ulikuwa kati yetu.

Alitazama muda mrefu. Nilitarajia atahuzunika, au ataniuliza tena habari za kobe. Nilikuwa nimekwisha kutunga jibu. Hakuuliza. Alisema, bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Mjomba, Ijumaa baba akipiga simu, uniamshe.”

Nilisema, “Nitakuamsha.”

Hakuna aliyesema neno zaidi. Tulirudi njia ile ile ya mivinje, na tumbili wakatufuata mpaka langoni wakitafuta kama tuna ndizi. Katika matatu alilala begani mwangu, na nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuhesabu ni lini alianza kujua.

Usiku ule nilimwonyesha mama yangu barua. Aliisoma kwa miwani yake, polepole, akairudisha katika bahasha, akaniuliza imekaa kwangu siku ngapi. Nilimwambia. Akasema, “Lete kalamu.” Jibu tuliliandika pamoja, naye akaongeza kwa mkono wake orodha ya vyakula ambavyo mtoto havili.

Aliondoka mwezi wa Januari, mwaka wa 2010. Habari za nyumba yetu baada ya hapo si za kuwapa wasomaji wa jarida. Dawa za mama nilizikumbuka mwenyewe, isipokuwa siku mbili tatu za mwanzo. Simu za Ijumaa ziliendelea, sasa zikienda upande wa pili, na mara moja shemeji aliniambia kwamba mtoto amelala. Nilimwamini.

Barua ndefu ya kwanza ilikuja katikati ya mwaka. Aliandika kwamba baba yake alimpeleka Ras al-Jinz, ufuoni mwa Oman, ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani. Waliongozwa gizani na mtu mwenye taa ndogo. Waliamriwa wasipige kelele, wasimulike, wasimkaribie kasa kwa mbele, kwa kuwa akishtuka hurudi baharini kabla ya kutaga. Walikaa nyuma yake, wakanyamaza. Kasa alichimba, akataga, akafukia kwa miguu yake, mchanga ukiwarukia watu usoni, kisha akateremka majini, akipumua kwa nguvu kama mtu aliyebeba mzigo. Aliandika kwamba alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa, na hakumgusa. Mwisho aliuliza kasa na kobe ni ndugu wa namna gani, na ni yupi kati yao aliyetangulia kuwako duniani. Nilikwenda maktaba siku ya pili, nikamjibu kwa kurasa tatu.